Kuotesha Mkarafuu kwa Mbegu, Kutoka Tunda hadi Shambani

Mbegu ya mkarafuu ikikauka imekufa. Hilo ndilo jambo la kwanza katika kazi nzima ya kuotesha, na ndilo linaloangusha wengi kabla hata hawajashika jembe. Kunde na mbaazi hufungwa kwenye chupa zikangoja masika. Mpilipili wa mapambo, ule unaopandwa kando ya barabara katika miji mikavu ya bara, hutoa punje zinazokaa miezi bila kuharibika. Mkarafuu nao ni mti wa kijani mwaka mzima, wenye harufu na umbo la kupendeza, lakini mbegu yake ina maji mengi ndani, na maji hayo yakitoka hayarudi. Tunda likianguka leo, mbegu ishughulikiwe leo.

Udhaifu huu wa mbegu una historia yake. Ni miongoni mwa sababu zilizowawezesha Waholanzi kuhodhi karafuu za visiwa vya Maluku kwa zaidi ya karne moja: hakuna aliyeweza kuiba konzi ya mbegu, akaitia mfukoni na kuipanda baada ya miezi ya safari. Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kuufikisha mkarafuu Mauritius mwaka 1770, meli zilibeba miche hai na mbegu mbichi. Kutoka visiwa vya Wafaransa mti huo ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19.

Maelezo yanayofuata yanalingana na hali ya Chokocho, Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, penye vilima upande wa bara na mikoko upande wa pwani. Kwa sehemu nyingine za kisiwa zenye mvua kama ya hapo, kitakachobadilika zaidi ni udongo.

Maswali yanayorudi kila msimu

*Karafuu kavu ya dukani huota?* Haioti hata ikirowekwa wiki nzima. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, kisha likaanikwa. Ndani yake hakuna mbegu. Wenye jamaa zao Maskati huulizwa sana jambo hili, na jibu ni lile lile: kinachoota ni mbegu ya tunda lililoachwa mtini hadi likaiva. Kulisafirisha tunda hilo kunataka cheti cha afya ya mimea, na hata likifika, joto kavu na maji ya chumvi ya huko si rafiki wa mkarafuu.

*Kwa nini tawi lisikatwe na kuchomekwa?* Kwa sababu tawi la mkarafuu hutoa mizizi kwa shida kubwa. Wataalamu wenye vifaa maalumu wanaweza kujaribu; kwa mkulima wa kawaida, mbegu ndiyo njia.

*Miche ya serikali hugawiwa bure. Ya nini taabu?* Miche ya vitalu vya Wizara ya Kilimo ni neema, na anayeipata aichukue. Lakini anayeotesha mwenyewe anaujua mti uliotoa mbegu, anachagua siku ya kupanda bila kungoja zamu, na miche yake haisafiri juu ya gari ikitikiswa mizizi. Tena mkarafuu mmoja huweza kuishi miaka themanini na zaidi. Miaka miwili ya kitalu si mingi kwa mti wa kurithisha wajukuu.

*Mkarafuu unafaa kuwa mti wa pambo uani?* Unafaa, tena sana. Ukiwa na nafasi hujijenga wenyewe umbo la mnara bila kupogolewa, na majani machanga hutoka na rangi ya waridi kabla ya kuwa kijani kibichi. Ila upewe mita 6 au zaidi kutoka kwenye ukuta, kwa sababu unaweza kupita urefu wa mita 12, na usipandwe pale yanapomwagwa maji ya sabuni.

Kuchagua mti mama

Mkarafuu mara nyingi hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mche huelekea kufanana na mti uliotoa mbegu. Hapa pana faida na hatari. Mti unaozaa kwa kusuasua hutoa watoto wa namna hiyo hiyo.

Mti unaofaa ni ule ambao wachumaji wenyewe huutaja kwa sifa: unaozaa hata ile miaka ambayo mingine imegoma, wenye matumba manene, matawi yaliyoanza chini na majani yaliyojaa hadi kileleni. Mti mrefu uliokonda, wenye majani kileleni tu, uachwe hata kama matunda yake ni mengi. Uachwe pia mti uliosimama jirani na mkarafuu uliokufa ghafla. Ugonjwa wa kufa ghafla, uliotafitiwa sana Zanzibar katikati ya karne iliyopita, huanzia mizizini, na mti unaoonekana mzima leo unaweza kuwa umeshaguswa.

Matunda yana gharama yake. Kila tunda ni karafuu ambayo haikufika kwenye jamvi, na mti ulioachiwa matunda mengi huchoka, ukatoa kidogo msimu unaofuata. Kwa sababu hiyo si busara kuuacha mti mzima bila kuchumwa. Tawi moja au mawili, ya upande unaofikika kwa mkono au kwa upembo mfupi, hutosha shamba la mtu mmoja. Wachumaji waambiwe mapema na tawi lifungwe kamba au kitambaa; la sivyo litachumwa pamoja na mengine, na hakuna wa kulaumiwa.

Pale mkarafuu ulipokodishwa, iwe wa serikali au wa mtu, ruhusa ya kuacha matunda iombwe kwa mwenyewe. Kukodi mazao ya msimu hakumpi mtu kila kilichomo mtini.

Tunda na mbegu

Tunda lililoiva ni la mviringo mrefu, kama sentimita 3, lenye rangi ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi, na bado lina vile vidole vinne vidogo vya karafuu kileleni. Likiminywa hulegea. Tunda jekundu lililo gumu bado halijafika. Lingojewe siku chache. Lililodondoka chini linafaa ikiwa halijatobolewa na wadudu wala halijasinyaa, kwa hiyo chini ya tawi lililofungwa kamba patandikwe majani ya mgomba na kupitiwa kila asubuhi.

Matunda yakishakusanywa yasirundikwe. Pakacha lililojaa likikaa kivulini siku mbili hupata joto lake lenyewe katikati, na mbegu za katikati hufa kimyakimya. Mwoteshaji huzipanda, hungoja, kisha hulaumu udongo. Yasitiwe pia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, wala yasiachwe kwenye gari juani. Yakilazimika kusafiri, kwa mfano kutoka shamba la ndugu lililo upande wa pili wa wilaya, yawekwe tabaka moja ndani ya kikapu, kati ya majani mabichi ya mgomba, na yafike siku hiyo hiyo.

Kutoa mbegu hufuata mpangilio huu:

1. Matunda yarowekwe kwenye ndoo ya maji ya kawaida usiku mmoja. Yakiwa magumu yaongezewe siku ya pili, maji yakibadilishwa.
2. Yanayoelea yatupwe. Mengi huwa na mbegu iliyonyauka au iliyoliwa.
3. Ganda livuliwe kwa vidole. Ukucha wa dole gumba hutosha. Kisu huchubua mbegu.
4. Mbegu zioshwe hadi utelezi wa nyama ya tunda uishe, kwa kuwa utelezi huo huita ukungu na sisimizi.
5. Zitandazwe juu ya gunia bichi kivulini, zifunikwe na gunia jingine bichi, na zipandwe siku hiyo au ya pili yake.

Wapo wanaopanda tunda zima bila kulivua. Huota, lakini kwa kuchelewa na kwa kupishana sana, na mengi huoza. Kuvua ganda ni kazi ya saa chache inayookoa wiki nyingi.

Mbegu safi ni ya kijani iliyofifia, na kwa kawaida tunda lina moja tu. Ncha yake moja, ile itakayotoa mzizi, huonyesha wekundu wa waridi mbegu ikikaa kwenye unyevu. Wekundu huo ndio cheti. Mbegu zikilazwa kati ya magunia mabichi, zile zinazoonyesha waridi zipandwe, na zilizogeuka kahawia, kulainika au kupasuka zitupwe bila huruma.

Idadi ipangwe kwa kuhesabu hasara. Anayetaka miti 60 apande mbegu zisizopungua 120. Nyingine hazitaota, nyingine zitaota vibaya, na kuku atachukua fungu lake.

Udongo, viriba na chanja

Mkarafuu hupeleka chini mzizi mmoja mkuu, na mzizi huo haupendi kuguswa. Ndiyo maana viriba virefu vinashinda tuta kwa mwoteshaji wa miche michache. Kiriba cha upana wa sentimita 15 na urefu wa 25 hadi 30, chenye matundu chini na ubavuni, huutosha mche hadi siku ya kwenda shamba. Kiriba kifupi cha mikoko au cha mboga ni kosa: mzizi hufika chini, hujikunja, na mti hubeba mkunjo huo maisha yake yote.

Pasipo na viriba, makopo marefu yaliyotobolewa yanafaa, na hata vikasha vilivyoshonwa kwa maganda ya mgomba, ingawa hivi vya mwisho huoza kabla ya mwaka kwisha na hutaka kubadilishwa.

Mchanganyiko unaokubalika ni sehemu tatu za udongo wa juu kutoka chini ya miti, sehemu tatu za mchanga wa bonde au wa mto, na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa. Mambo mawili ya kuangaliwa kwa makini katika Chokocho:

- Mchanga wa pwani una chumvi. Usitumike, hata ukioshwa mara mbili.
- Samadi mbichi huunguza. Ikiwa bado inanuka au ina joto ikitiwa mkono, haijawa tayari.

Juu ya viriba hujengwa chanja cha fito, kimo cha mtu kuinama au kusimama, na kuezekwa kwa makuti mepesi. Kivuli kinachotakiwa mwanzoni ni cha kuzuia zaidi ya nusu ya jua. Kwa kukadiria, mchana wa jua kali vijipande vya mwanga vionekane vimetapakaa chini, lakini visiungane. Upande wa magharibi uzibwe kwa kuti la kusimama, kwa sababu jua la alasiri hupenya chini ya paa, na hilo ndilo linalounguza majani machanga.

Kuzunguka chanja patiwe uzio. Kuku hufukua mbegu kwa nusu saa tu, na mbuzi akionja jani changa la mkarafuu hurudi.

Kupanda mbegu

Viriba vimwagiliwe siku moja kabla ili udongo ushuke. Kila kiriba kipewe mbegu moja, ncha ya waridi ikiangalia chini, kina cha sentimita 2 hivi. Pale isipojulikana ncha ipi ni ya mzizi, mbegu ilazwe ubavu. Mzizi utatafuta njia wenyewe. Mbegu iliyopinduliwa juu chini huota pia, lakini mche wake hutoka na shingo iliyopinda, na miche ya shingo iliyopinda haifai kupelekwa shamba.

Anayetumia tuta apande kwa umbali wa sentimita 12 hadi 15 kati ya mbegu na mbegu, na ajue kwamba atalazimika kuihamisha miche kwenye viriba baadaye, kazi ambayo kila mara huua baadhi.

Juu pafunikwe kwa majani makavu mepesi, si mazito, na maji yanyunyizwe kwa kopo lenye matundu madogo. Maji ya kumiminwa kwa ndoo hufichua mbegu.

Kungoja bila kufukua

Miche ya kwanza huchungulia baada ya siku 10 hadi 15. Mingine huendelea kutoka hadi siku ya 40 na zaidi. Katika pengo hilo ndipo uvumilivu huisha, watu wakaanza kuchimbua kwa kidole kuangalia kama mbegu iko hai. Mbegu iliyokuwa na mzizi mdogo huvunjwa na kidole hicho hicho. Kiriba kisichoota kiachwe hadi miezi miwili ipite, kikiendelea kupata maji sawa na vingine.

Baada ya kuota, mkarafuu haukui kwa haraka. Jozi moja ya majani hukaa wiki kadhaa kabla ya jozi nyingine kutokea, na mche wa miezi sita unaweza kuwa na kimo cha kiganja tu. Huo ndio mwendo wake. Kuuongezea mbolea ya chumvichumvi ili ukimbie ni njia ya kuuunguza.

Maji yatolewe asubuhi, udongo uwe na unyevu bila kutota. Kidole kikizama hadi kifundo cha kwanza na kutoka kikavu, maji yanahitajika. Kikitoka na tope, yamezidi. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, huenda yakatakiwa kila siku. Wakati wa masika huenda yasitakiwe kabisa, na shida ikawa kuzuia mvua isichimbe viriba.

Maji yenyewe yaonjwe. Visima vilivyo karibu na mikoko, hasa mwisho wa kiangazi, huingia chumvi kidogo ambayo mtu aliyezoea haitambui upesi. Mche huitambua: ncha za majani hukauka na kugeuka kahawia, kisha ukingo mzima. Dalili hiyo ikionekana, maji yabadilishwe kabla ya kufikiria dawa.

Maradhi ya kitalu ni machache, na mengi huletwa na unyevu wa kupita kiasi:

- *Shina kuoza usawa wa udongo.* Mche huanguka ghafla, majani yakiwa bado mabichi. Uondolewe na udongo wake, maji yapunguzwe, viriba vitenganishwe hewa ipite.
- *Madoa ya kahawia yanayotoboa majani.* Yaliyoathirika yakatwe na kuchomwa mbali. Kivuli kipunguzwe kidogo.
- *Mchwa.* Huingia kupitia makuti yaliyogusa ardhi na vipande vya miti mikavu. Usafi wa chini ya chanja unashinda dawa nyingi.
- *Wadudu magamba pamoja na maji moto.* Maji moto, sisimizi wekundu wa mtini, huwalinda magamba kwa ajili ya utamu wao. Kwenye kitalu, magamba yafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na majani yasuuzwe.

Kivuli kiondolewe kwa hatua. Mche ukikaribia mwaka, kuti moja moja litolewe kila wiki mbili au tatu, ili kufikia siku ya kupanda shambani uwe umezoea jua la nusu siku. Mche uliotolewa kwenye giza la makuti na kupelekwa moja kwa moja uwanjani hupukutisha majani yote ndani ya wiki.

Vipi kuhusu maotea?

Chini ya mkarafuu ulioachiwa matunda huota miche yenyewe, wakati mwingine kwa makumi, na mikarafuu mingi ya Pemba ilianza hivyo. Ni njia halali, yenye masharti. Mti mama ujulikane. Maotea ya chini ya mti dhaifu ni ya mti dhaifu. Ichukuliwe ile midogo tu, yenye majani mawili hadi manne, siku ya mvua, kwa kuchimba na donge la udongo bila kuing'oa kwa mkono. Mche uliofikia goti umeshashusha mzizi mrefu, na kuung'oa ni kuukata. Baada ya hapo maotea yaingie kwenye viriba na kukaa chini ya chanja miezi isiyopungua sita. Kuyatoa chini ya mti leo na kuyapanda shambani leo hiyo hiyo hufanikiwa mara chache, na mara hizo chache ndizo zinazosimuliwa.

Mahali pa kudumu

Mkarafuu unataka udongo wenye kina, usiotuamisha maji. Vilima vya magharibi na kusini ya Pemba vinaupa vitu hivyo pamoja na mvua ya kutosha, na ndiyo sababu mashamba ya zamani yako huko. Uwanda, ule udongo mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, haufai: mzizi hugonga jiwe na mti hudumaa. Bonde la mpunga halifai, kwa kuwa mizizi huzama majini. Ardhi ya Chokocho iliyo jirani na mikoko haifai kwa sababu ya chumvi, ya ardhini na ya upepo. Ni heri kutembea dakika ishirini hadi kilimani kuliko kupanda nyuma ya nyumba iliyo ufukweni.

Upepo nao uhesabiwe. Tufani ya Aprili 1872 iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu nyingi za Zanzibar. Tufani za namna hiyo ni nadra, lakini kusi la kila mwaka hutosha kuutikisa mti mchanga hadi mizizi ilegee. Mteremko uliokingwa na minazi au miembe ni bora kuliko kilele kilicho wazi.

Mche usipandwe kwenye shimo la mkarafuu uliokufa. Kishawishi ni kikubwa, maana nafasi ipo tayari na udongo umelegea, lakini maradhi ya mizizi hubaki ardhini. Usogezwe kati ya miti, mbali na kisiki, na kisiki chenyewe king'olewe kikiwezekana, kwani huwa nyumba ya mchwa.

Kisha kuna suala la haki, ambalo limevunja undugu mara nyingi kuliko ukame. Kisiwani Pemba, ardhi na mti vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mwenye shamba humwachia jirani alime muhogo kwa hiari, lakini mti wa kudumu hujenga madai, na hakuna mti unaojenga madai kama mkarafuu. Anayelima ardhi ya kuazima, au eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, au shamba la urithi ambalo halijagawanywa, apate ridhaa mbele ya mashahidi, na kwa sheha ikibidi, kabla ya kuchimba shimo. Kuupanda kwanza na kusawazisha baadaye hakufai, kwa kuwa mkarafuu ukishasimama kuuondoa si jambo la hiari: chini ya Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014, kuukata bila kibali ni kosa.

Kuhamishia shambani

Mche huwa tayari ukiwa na miezi 12 hadi 24, kimo cha sentimita 30 au zaidi, shina limeanza kukomaa rangi. Wakati wake ni mwanzo wa masika, Machi mwishoni au Aprili, mvua ikishalowesha ardhi kina cha jembe. Mvua mbili za kudanganya si masika. Vuli hutumika pia, lakini mche wa vuli hukutana na kaskazi kabla haujajishikiza, na hapo ndoo ya maji itatakiwa kila siku chache.

1. Mashimo yachimbwe mwezi mmoja kabla, sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu utengwe na ule wa chini.
2. Nafasi iwe mita 6 hadi 8. Kwa mita 6 eka moja hubeba mikarafuu 112. Kwa mita 8 hubeba 63. Anayetaka kupanda migomba na muhogo katikati achague nafasi kubwa.
3. Udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza na kurudishwa kwanza.
4. Kiriba kipasuliwe kwa wembe ubavuni na kitako kiondolewe. Mzizi uliojikunja chini ukatwe ncha hiyo tu. Donge lisivunjike.
5. Mche usimame usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kiriba. Shina lililozikwa huoza.
6. Udongo ushindiliwe kwa viganja, si kwa kisigino.
7. Makuti matatu yasimamishwe kuuzunguka siku hiyo hiyo.

Plastiki ya viriba ikusanywe. Ikibaki shimoni huzuia mizizi, na ikitupwa ovyo huliwa na ng'ombe.

Miaka mitatu ya mwanzo

Miche mingi ya mikarafuu inayokufa hufa baada ya kupandwa, katika kiangazi cha kwanza, mikononi mwa watu walioamini kazi imekwisha. Kivuli ndicho kinachoamua. Migomba iliyopandwa mwaka mmoja kabla, umbali wa mita 2 hivi, ndiyo kivuli bora zaidi kwa kuwa hutoa chakula pia, na mbaazi hufuata. Muhogo ukikaribia sana hunyang'anya maji, na siku ya kuuchimba hung'oa mizizi ya mche.

Nyasi zing'olewe kwa mkono kwenye duara la mita moja, kisha patandazwe majani makavu. Matandazo yasiguse shina. Pabaki uwazi wa upana wa kiganja, vinginevyo mchwa hupanda wakiwa wamejificha. Majivu ya jikoni yakinyunyizwa kwenye uwazi huo husaidia kwa muda, ingawa mvua moja huyaondoa. Moto wa kuandaa mashamba ni hatari nyingine: mkarafuu una gome jembamba, na joto la nyasi zinazowaka mita chache tu hutosha kuua upande mmoja wa mti. Njia ya kuzuia moto isafishwe kabla jirani hajawasha.

Miche iliyokufa ijazwe masika yanayofuata kutoka kwenye akiba iliyobaki chini ya chanja, na ndiyo maana akiba hiyo isiuzwe yote. Kuanzia mwaka wa tatu migomba ipunguzwe taratibu, mkarafuu upate jua zaidi kila msimu.

Matumba ya kwanza hutarajiwa kati ya mwaka wa sita na wa nane, machache, na yachumwe na mtu mzima mwenye subira, kwa upembo wa kuvuta tawi polepole. Tawi likivunjwa, jeraha hilo ndilo mlango wa ukungu unaokausha mti kuanzia nchani kushuka chini. Lililovunjika likatwe kwa msumeno hadi kwenye sehemu isiyodhurika, jeraha liwe laini, na kipande kilichokatwa kitolewe shambani na kuchomwa.